Uzi: Slabu ya zege la nguvu kubwa hupasuka kabla magunia hayajafika

mhandisi_athi (mwanzilishi wa uzi)

Februari iliyopita tulimwaga slabu nene ya zege la daraja la 60, yaani linalotakiwa kuhimili mgandamizo wa megapaskali 60, katika jengo la ghorofa huku Upper Hill, Nairobi. Malori yalianza kufika saa tisa usiku ili kukwepa msongamano wa Mombasa Road, la mwisho likaondoka saa nne asubuhi, na kufikia saa tano mafundi walikuwa wamemaliza kulainisha uso wa slabu kwa mwiko. Saa nane mchana nilipanda juu nikakuta nyufa. Nilipiga magoti na kuweka kadi ya kupimia juu ya ufa mmoja: ulikuwa na upana wa milimita 0.4, urefu wake ulikaribia mkono wangu kutoka begani hadi kwenye vidole, na kingo zake zilikuwa zimejiinua kidogo kama tope la bwawa lililokaukiwa. Kando yake kulikuwa na mwingine, na mwingine tena, zote zikielekea upande mmoja wa mshazari na kuachana kwa kadiri ya nusu mita, wala hakukuwa na hata mmoja uliofika ukingoni mwa slabu.

Asubuhi ya siku ya pili zilikuwa zimetokea nyufa za namna nyingine kabisa, nyembamba kama unywele, zilizonyooka, zikianzia kwenye pembe za nguzo na za ukuta wa lifti. Wakati huo magunia ya kulitunzia zege unyevu yalikuwa tayari yametandazwa na mpira wa maji unatiririka, kwa sababu maagizo yetu ya kazi yalisema siku saba za maji kuanzia asubuhi ya kesho yake. Maagizo yalifuatwa neno kwa neno na slabu ikapasuka. Nimefikiria jambo hili kwa miezi kadhaa, nikasoma na kupima, na ninaandika hapa kwa sababu naona makosa yale yale yakirudiwa kwenye majengo mengine ya jiji hili: tunalitunza zege la daraja la 60 kwa desturi tuliyoirithi kutoka zege la daraja la 25.

Tuanze na nyufa za saa nane mchana. Zege la kawaida, likishamwagwa, hutoa maji yanayopanda juu na kutanda kama jasho. Jasho hilo ndilo linalolipwa kwa jua na upepo katika saa za mwanzo. Zege la nguvu kubwa lina maji machache, saruji nyingi, na mara nyingi mikrosilika, ambayo ni unga laini kuliko saruji yenyewe na hushika maji yasipande. Kwa hiyo jasho halipo, au lipo kidogo mno. Hewa inapoomba maji, inayachukua kutoka katikati ya chembe zilizo juu, chembe zinavutana, na uso unapasuka ukiwa bado haujapata nguvu yoyote ya kujishika.

Kiasi ambacho hewa inaomba kinaweza kukadiriwa. Chukueni joto la zege, ongezeni 18, pandisheni kwa kipeo cha 2.5, fanyeni vivyo hivyo kwa joto la hewa, kisha zidisheni kwa unyevu wa hewa ulioandikwa kama desimali. Toeni cha pili kutoka cha kwanza, zidisheni kwa 5, halafu kwa kasi ya upepo ya kilomita kwa saa iliyoongezwa 4, na mwisho gawanyeni kwa milioni moja. Jibu ni kilo za maji zinazopotea kwenye kila mita ya mraba kwa saa moja. Kanuni hii ilichapishwa na mtafiti Uno mwaka 1998, ikarahisisha chati ya zamani ya kukadiria uvukizi, iliyotokana na kazi ya Menzel ya mwaka 1954.

Siku ile zege lilikuwa na nyuzi 30, hewa nyuzi 27, unyevu asilimia 35, na upepo wa kaskazi ukivuma kwa kilomita 20 kwa saa pale juu ambapo hakuna jengo la kuukinga. Hesabu inatoa kilo 1.34. Miongozo ya Marekani kuhusu umwagaji wa zege penye joto imezoeleka kwa kikomo cha kilo 1.0, na kwa zege lisilotoa jasho inafaa kuanza kuchukua hadhari tangu nusu kilo. Fanyeni hesabu hiyo hiyo kwa asubuhi ya Julai yenye mawingu, zege nyuzi 22, hewa nyuzi 18, unyevu asilimia 70, upepo kilomita 8: mtapata kilo 0.28. Ni jiji moja, mchanganyiko mmoja na mafundi wale wale, lakini Februari inaomba karibu mara tano ya Julai. Tena angalieni uzito wa upepo: nikirudisha hesabu ya Februari nikiwa nimeuzuia upepo ukabaki kilomita 6, kilo 1.34 zinashuka hadi 0.56. Turubai lililofungwa wima kwenye jukwaa la kazi, upande upepo unakotoka, lina thamani kuliko watu wanavyolidhania.

Sasa nyufa za asubuhi ya pili, ambazo ndizo hasa zilizonifanya nianzishe uzi huu. Hizo hazikuletwa na jua. Saruji ikiungana na maji, kile kinachozaliwa huchukua nafasi ndogo kuliko saruji na maji vilipokuwa mbalimbali. Upungufu huo ni takriban mililita 6 hadi 7 kwa kila gramu 100 za saruji zilizoungana na maji. Zege likiwa bado laini, linashuka tu na hakuna anayeona. Likishaanza kushika, haliwezi tena kushuka lote, kwa hiyo ndani yake zinabaki nafasi tupu, maji yaliyosalia yanajivuta kwenye vitundu vyembamba, na uso wa maji uliopinda ndani ya kila kitundu unazivuta kuta zake zikaribiane. Zege linajikausha lenyewe kutoka ndani, hata ukilifunga kwa nailoni lisipoteze tone. Katika zege lenye uwiano wa maji na saruji wa 0.55 vitundu ni vikubwa na maji ni mengi, hivyo mvuto huo ni mdogo na hausumbui mtu. Katika zege letu, lenye uwiano wa 0.32, ndio msinyao (yaani kunywea kwa zege) mkuu wa siku za kwanza.

Kanuni za Ulaya za usanifu wa zege hukadiria msinyao huu wa ndani, kwa zege ambalo nguvu yake bainifu, ikipimwa kwa kuponda sampuli za umbo la silinda, ni megapaskali 60, kuwa sehemu 125 kwa milioni ya urefu wake mwishowe, na mchanganyiko wenye mikrosilika nyingi unaweza kupita hapo kwa mbali. Zege changa huvumilia kuvutwa kwa takriban sehemu 100 hadi 150 kwa milioni kabla ya kupasuka. Nambari hizo mbili zinakaribiana mno, na bado hatujaongeza joto wala kukauka kwa kawaida. Slabu ikiwa huru itafupika tu bila kupasuka. Ikishikwa na ukuta wa lifti na nguzo, itapasuka pale iliposhikwa.

Kwa maoni yangu, basi, zege la nguvu kubwa linahitaji maji mapema kuliko tunavyoyaleta, tena linahitaji mengine yawe tayari ndani yake kabla halijatoka kwenye lori.

---

fundi_kayole

Mhandisi, nimesoma yote na ninashukuru kwa maelezo. Mimi nimefanya kazi ya zege kwa miaka mingi, na tumefundishwa kwamba ukimwagilia zege jipya, unaosha saruji ya juu na uso unakuwa wa vumbi. Ndiyo sababu tunangoja hadi kesho yake. Je, tumwagilie lini bila kuharibu uso? Na swali la pili: tukiongeza siku za kumwagilia zikawa kumi na nne badala ya saba, hatutakuwa tumefidia?

---

mhandisi_athi

Fundi, hofu yako ni ya haki kabisa, na ndiyo sababu katika saa za mwanzo sitaki mpira wa maji bali ukungu. Tunatumia pampu ya shinikizo yenye kichwa chembamba, mtu anasimama upande upepo unakotoka na kuelekeza ukungu hewani juu ya slabu, si juu ya zege lenyewe. Unyevu wa hewa iliyo juu ya slabu unapanda, na uso unabaki na mng'ao wa maji bila kutiririka. Mng'ao ukipotea, umechelewa. Ukiona vidimbwi, umezidisha. Katikati ya hatua za kusawazisha tunapulizia pia ile dawa ya kuzuia uvukizi, ambayo hutanda juu ya maji kama utando mwembamba. Ninasisitiza kwamba haitumiki kulainishia mwiko, kwa maana mafundi wengi wakiona uso umeanza kukaza huichota na kuichanganya na uso wenyewe, na hapo unakuwa umedhoofisha kile ulichokusudia kukilinda. Vivyo hivyo kunyunyiza maji kwa karai ili mwiko uteleze.

Uso ukishakaza kiasi kwamba ukibonyeza kwa kidole gumba hakiachi alama, tandaza magunia yaliyokwisha kulowekwa tangu jana na nailoni juu yake. Mwezi wa Februari, hiyo ni saa chache tu baada ya kumwaga, mchana ule ule. Gunia kavu lisitandazwe kamwe, kwa sababu litanyonya maji ya zege kwanza kabla ya wewe kulimwagilia.

Kuhusu siku kumi na nne, jibu linatoka kwenye kazi ya mtafiti wa saruji Powers na wenzake ya mwaka 1959. Walionyesha kwamba vitundu vinavyopitisha maji ndani ya saruji huzibika kadiri saruji inavyoungana na maji, na muda wa kuzibika hutegemea uwiano: kwenye 0.40 ni kama siku 3, kwenye 0.45 siku 7, kwenye 0.50 siku 14, kwenye 0.60 miezi 6, na kwenye 0.70 mwaka mzima. Siku saba tulizozizoea ziliwafaa wale waliomwaga zege la 0.45 na zaidi, kwani maji yaliendelea kuingia siku zote saba. Kwa 0.32, mlango unafungwa kabla ya siku ya tatu. Maji ya siku ya kumi yanapoza uso na kuuzuia usikauke, na hilo lina faida yake, lakini hayaingii tena kwenye moyo wa slabu.

---

maabara_thika

Ndugu mhandisi, umesema maji mengine yawe ndani kabla ya lori kufika, halafu hukuendelea. Nadhani unazungumzia kokoto nyepesi zilizolowekwa. Sisi hapa tumewahi kujaribu pumisi, lile jiwe jepesi la volkeno lenye vitundu, ya upande wa Naivasha kwa zege jepesi la kuta, lakini hatujawahi kuifikiria kwa zege la nguvu kubwa, kwa sababu ni jiwe dhaifu. Je, haitashusha nguvu ya michemraba ya zege tunayoiponda kupima nguvu?

---

mhandisi_athi

Ndicho nilichokuwa nakielekea, na ninafurahi kwamba swali limetoka maabara.

Wazo lenyewe lilitolewa na mtafiti Philleo mwaka 1991: badilisha sehemu ya mchanga kwa chembe nyepesi zenye vitundu, zilowekwe zishibe, na ziwe kama mitungi midogo iliyotawanyika ndani ya zege. Unyevu wa ndani ukianza kushuka, mitungi hiyo inaachia maji yake pale pale yanapohitajika, katika umbali wa milimita chache. Mwaka 2001 Jensen na Hansen wa Denmark walionyesha njia nyingine ya kufikia jambo hilo hilo kwa polima zinazofyonza maji, za jamii ile ile iliyo ndani ya nepi za watoto. Polima inafanya kazi vizuri, ila kwetu itabidi iagizwe kutoka nje, ilhali pumisi iko kwenye Bonde la Ufa, safari ya saa mbili.

Hesabu ya maji ni hii. Mchanganyiko wetu una kilo 480 za saruji. Upungufu wa ujazo ni 0.07. Kwa uwiano wa 0.32, sehemu ya saruji inayoweza kuungana na maji ni 0.32 ukigawanya kwa 0.36 (uwiano ambao saruji yote ingeweza kuungana), yaani 0.89. Zidisha vyote: kilo 30 za maji kwa kila mita ya ujazo. Ikiwa pumisi yako inashika na kuachia maji ya asilimia 20 ya uzito wake mkavu, utahitaji kilo 150 za pumisi kavu badala ya mchanga wa ujazo huo huo. Kilo 30 hizo haziingizwi kwenye uwiano wa maji na saruji, kwa sababu zege likiwa bichi bado zimefungiwa ndani ya jiwe.

Neno zito hapo ni "kuachia". Jiwe linaweza kufyonza sana na likakataa kutoa, kwa kuwa vitundu vyake ni vyembamba kuliko vile vya saruji inayovuta. Kwa hiyo pima mambo mawili: loweka sampuli kwa siku tatu, ikaushe uso, uipime uzito, kisha iweke kwenye chombo kilichofungwa chenye unyevu wa juu, karibu asilimia 94, uone inapoteza kiasi gani. Pumisi hubadilika sana kutoka shimo moja hadi jingine, kwa hiyo takwimu ya shimo la jirani isikutoshe.

Kuhusu nguvu, wasiwasi wako ni sahihi. Tumia chembe za ukubwa wa mchanga tu, zisizozidi milimita 4, usiguse kokoto zenyewe, na ulinganishe michemraba ya siku 7 na ya siku 28. Mara nyingi nguvu hushuka kidogo mwanzoni, kisha saruji iliyopata maji ya ziada hurudisha sehemu yake. Kosa linaloharibu kila kitu ni kutumia pumisi ambayo haijashiba: itanyonya maji ndani ya lori, zege litakaza likiwa bado barabarani, na mtu ataongeza maji kwa ndoo pale getini.

---

mwanafunzi_juja

Shikamoo mhandisi. Nina swali ambalo huenda ni jepesi. Ikiwa tatizo linatokana na saruji nyingi na maji machache, kwa nini tusipunguze saruji tangu mwanzo? Na dawa ya kupunguza msinyao, inayochanganywa ndani ya zege, ina nafasi gani?

---

mhandisi_athi

Marahaba. Swali lako si jepesi, na natamani lingeulizwa kwenye kikao chetu cha kwanza cha mchanganyiko.

Tuliomba 60. Michemraba ya siku 28 ilitupa zaidi ya 75, na watu walipongezana. Mimi pia nilifurahi wakati huo. Leo naona kwamba nguvu ile ya ziada ilinunuliwa kwa saruji ya ziada, na saruji ya ziada ilileta joto na msinyao ambao hakuna mtu aliyeuhitaji. Slabu ile haitabeba mzigo wake kamili mpaka ghorofa zote za juu zikamilike, miezi mingi baadaye. Kama tungekubaliana na mbunifu wa miundo kwamba nguvu ipimwe siku ya 56 badala ya 28, jambo ambalo miongozo ya zege la nguvu kubwa inaliruhusu, tungeweza kupunguza saruji tupu na kuweka sehemu ya majivu ya makaa ya mawe au pozolana (unga wa mawe ya volkeno), ambazo hufanya kazi polepole. Tahadhari ni moja: zege linalokaza polepole hubaki bichi kwa muda mrefu zaidi chini ya jua, kwa hiyo ukungu na turubai vinazidi kuwa vya lazima.

Joto lenyewe linastahili kutajwa. Kwa makadirio ya haraka, kila kilo 100 za saruji katika mita moja ya ujazo hupandisha joto kwa nyuzi 12 hivi kama halina pa kutokea. Kwa kilo 480 hiyo ni karibu nyuzi 58, ingawa slabu halisi hupoteza sehemu yake. Likishuka nyuzi 20 baada ya kukaza, zege linafupika sehemu 200 hivi kwa milioni. Usiku wa Nairobi hushuka hadi nyuzi 12 au 13, na kufungua mbao za ukuta mnene alfajiri, huku moyo wake ukiwa bado unachoma, ni kuongeza ufa juu ya ufa.

Dawa ya kupunguza msinyao inafaa. Inapunguza mvuto wa uso wa maji ndani ya vitundu, kwa hiyo kuta zinavutwa kwa nguvu ndogo. Kipimo chake huwa asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa saruji. Inagharimu, hushusha nguvu kidogo, na huchelewesha kukaza, hivyo ningeiweka pale ambapo slabu imeshikwa pande zote. Nyuzi laini za polipropilini, chini ya kilo moja kwa mita ya ujazo, husaidia kwa nyufa za saa nane mchana tu. Kwa nyufa za asubuhi ya pili ni dhaifu mno, na wauzaji hawalisemi hilo waziwazi.

---

fundi_kayole

Mhandisi, niruhusu niongeze la kwetu. Nyufa za mchana tukiziona mapema, zege likiwa bado linakubali, tunaweza kuzifunga kwa kupiga uso upya na kibao kwa nguvu. Lakini nimeona wenzangu wakizifunika kwa unga wa saruji mkavu na kupitisha mwiko. Zinapotea machoni, halafu baada ya wiki zinarudi pale pale.

---

mhandisi_athi

Fundi amesema kweli. Kupiga upya kunaunganisha ufa kwa kina, mradi zege halijaanza kushika. Unga wa saruji unaufunika tu, tena unaweka juu ya slabu tabaka lenye msinyao mkubwa kuliko yote.

Nimalize kwa kuwapa habari za nusu ya pili ya slabu ile, ambayo tuliimwaga wiki tano baadaye. Tuliweka turubai la urefu wa mita mbili upande wa kaskazini mashariki, tukapunguza saruji hadi kilo 430 na kujaza kwa pozolana, tukaanzisha ukungu mara tu kipande cha kwanza kilipolainishwa, na magunia yaliyolowekwa yakawa yamefunika slabu yote kufikia saa tisa mchana. Pumisi hatukuitumia kwa sababu majaribio yake hayakuwa yamekamilika. Saa nane nilipanda na kadi yangu na sikupata ufa hata mmoja wa mshazari. Asubuhi ya tatu tulipata mmoja, wa milimita 0.1, ukitoka kwenye pembe ya ukuta wa lifti. Pembe hiyo ilikuwa na nondo za kawaida tu za kwenda na kurudi. Nimeomba nondo za ziada zilalie mshazari, zikikatisha njia ya ufa, kwenye pembe zote nne za slabu inayofuata, na michoro imerudi kwa mbunifu wa miundo tangu Jumatatu.